Maswali Yenu: Bakteria Ndani ya Mfuko wa Damu

Safari hii tumeyaweka pamoja maswali yanayohusu jambo moja: bakteria wanaoingia kwenye damu ya kuongezewa wagonjwa. Mengine yametoka kwa ndugu wa wagonjwa, mengine kwa wanaotoa damu, na mengi kwa wauguzi na wataalamu wa maabara. Yaliyofanana tumeyajibu kwa mkupuo mmoja.

Baba yetu aliongezewa damu baada ya upasuaji. Haikupita nusu saa akaanza kutetemeka, homa ikapanda, wakaisimamisha damu na kuondoka na mfuko. Baadaye tukaambiwa huenda ilikuwa na bakteria. Mbona mwanzo tulihakikishiwa kwamba imepimwa? Walipima nini?

Poleni sana, na tunamwombea baba afya. Waliowaambia kwamba damu imepimwa hawakuwadanganya. Damu ya kila mchangiaji inatakiwa kupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende. Vipimo hivyo hutafuta maradhi hayo tu, kwenye sampuli iliyochukuliwa siku damu ilipotolewa. Hata kaswende, ambayo husababishwa na bakteria, hupimwa kwa kutafuta kingamwili zake, si kwa kumtafuta bakteria mwenyewe. Bakteria wa kawaida wa kwenye ngozi hawamo katika orodha hiyo. Isitoshe, siku ya kwanza wanaweza kuwa kumi tu ndani ya mfuko wa mililita 450. Hata hadubini haitawaona.

Njia yao kubwa ni ngozi ya mkono wa mchangiaji. Sindano ya kutolea damu ni nene, kwa kawaida ya geji 16, na ncha yake ina tundu pana. Inapopenya, inaweza kukata kijipande cha ngozi kisichoonekana kwa macho, na damu ikakisukuma hadi mfukoni. Kijipande hicho hubeba Staphylococcus epidermidis na wenzake wanaoishi ndani ya vinyweleo na tezi, kina ambacho dawa ya kusafishia haifiki vizuri. Njia ya pili ni damu ya mchangiaji mwenyewe, akiwa na bakteria wachache mwilini bila kujihisi mgonjwa. Ya tatu ni vifaa: mfuko wenye kitobo, mpira wa kupitishia damu uliopasuka, au maji ya beseni la kuyeyushia plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu inayohifadhiwa ikiwa imegandishwa. Mwaka 1991 wagonjwa wa Denmark na Sweden waliambukizwa bakteria aitwaye Serratia marcescens, na chanzo kikahusishwa na mifuko mitupu ya damu iliyochafuliwa tangu ilikotengenezwa.

Tuongeze hili ili msije mkamlaumu mtu kabla ya wakati. Si kila kutetemeka ni bakteria. Mwili unaweza kuzikataa chembe nyeupe za mchangiaji, au mgonjwa akawa amewekewa damu ya kundi lisilo lake, jambo ambalo ni la hatari vilevile. Ndiyo maana mfuko ulichukuliwa. Ombeni kujua majibu mawili: ya damu ya baba iliyooteshwa, yaani iliyowekwa maabara kwenye chakula cha bakteria kuona kama wataota, na ya mabaki ya mfuko yaliyooteshwa. Bakteria yuleyule akionekana kote kuwili, chanzo ni damu ile. Akionekana kwa baba peke yake, huenda alikuwa naye kabla, kwa mfano kutokana na kidonda cha upasuaji.

Kwenye zoezi la kuchangia damu foleni huwa ndefu. Tunapaka spiriti kwa pamba, tunachoma, tunaendelea. Je, inatosha? — Mtoa damu (anayewachoma wachangiaji)

Haitoshi, ndugu yetu, na swali lako ndilo tunalotaka kulijibu kwa kirefu kuliko yote, kwa sababu mchezo huu huamuliwa ndani ya dakika moja na nusu kabla ya sindano.

Mkono ukiwa na vumbi au jasho, uoshwe kwanza kwa maji na sabuni, ukaushwe kwa karatasi ya kutumika mara moja. Tafuta mshipa kwanza, usafishe baadaye. Kwa wachangiaji wa muda mrefu epuka lile kovu lenye vishimo la michomo ya zamani. Mshipa pale huonekana rahisi, lakini vishimo hivyo ni maficho, dawa hupita juu yake tu.

Kisha chukua klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na spiriti ya asilimia 70. Sugua, usipanguse. Sugua sekunde 30 ukifunika eneo la upana wa sentimita 4 hadi 5 kuzunguka mahali utakapochoma. Halafu acha pakauke penyewe kwa sekunde 30 nyingine. Usipulize kwa mdomo, usipepee, usifute kwa pamba kavu. Dawa huendelea kuua wakati inakauka, na ukichoma pakiwa bado pabichi umeikatiza kazi nusu. Kama dawa ya mchanganyiko haipo, anza na spiriti sekunde 30, ikauke, ndipo upake klorheksidini ya asilimia 2 au povidoni ayodini ya asilimia 10 kwa sekunde 30 nyingine, nayo uiache ikauke. Aliyeshatokwa na upele kwa klorheksidini apakwe dawa nyingine.

Kosa tunaloliona zaidi ni la kidole. Mtoa damu amesafisha vizuri, amesubiri, halafu anabonyeza tena pale katikati ahakikishe mshipa bado upo. Hapo amerudisha bakteria wa kidole chake, glavu isiyo tasa nayo ikiwemo. Ukigusa, anza upya. Weka alama ya mshipa kwa kuangalia kitu cha jirani, kama kipele au mkunjo wa ngozi, ili usihitaji kupapasa.

Kosa la pili ni kopo la pamba zilizolowekwa tangu asubuhi. Kila mkono unaoingia humo huacha kitu, spiriti inazidi kuruka hewani na kupungua nguvu, na mbegu za bakteria wa jamii ya Bacillus haziuliwi na spiriti hata ikiwa kali. Ukifika mchana, kopo lile linapanda bakteria badala ya kuwaua. Lowesha pamba au shashi safi wakati wa kuitumia, au tumia vile vipakiti vya kipande kimoja kimoja.

Baada ya sindano kuingia, mililita za kwanza, karibu 30, ziende kwenye kifuko cha pembeni, zisiende kwenye mfuko mkuu. Kile kijipande cha ngozi hutoka na damu ya mwanzo. Kifuko kikijaa, funga klipu yake kwanza, ndipo ufungue njia ya mfuko mkuu. Ukigeuza mpangilio huo, damu uliyoitenga inaweza kurudi ilikokatazwa. Damu ya kifuko haipotei, sampuli za vipimo huchukuliwa humo. Mifuko yenu ikiwa haina kifuko hicho, mweleze msimamizi wa manunuzi kwamba ndicho kitu kimoja kinachopunguza bakteria wa ngozi bila kuongeza muda wa foleni.

Na sindano ikichomoka au mshipa ukikataa, usirudishe sindano ileile. Fungua mfuko mpya na uchome mkono wa pili, nao ukisafishwa kama wa kwanza.

Nilikwenda kutoa damu nikarudishwa kwa sababu niling'oa jino siku tatu nyuma, na mwenzangu kwa sababu ya kuhara. Sote tulikuwa wazima. Huku si kupoteza watu wenye nia njema?

Nia yenu inahitajika, rudini tena siku zikitimia. Jino linapong'olewa, bakteria wa kinywani huingia kwenye damu. Mwili huwasafisha, lakini kidonda kinahitaji muda, na kawaida ni kusubiri siku 7. Kwa kuziba jino tu, saa 24 hutosha.

Kuhara kuna sababu nzito zaidi. Yupo bakteria aitwaye Yersinia enterocolitica, husababisha kuhara na maumivu ya tumbo, halafu anaweza kubaki kwenye damu ya mtu aliyekwisha kupona. Wengi wa bakteria baridi ya jokofu huwazuia kuzaliana, huyu hapana. Hukua kwenye nyuzi joto 4, na hupenda madini ya chuma yanayoachiwa chembe nyekundu zinapozeeka. Kwa wiki za mwanzo mfuko hauna neno. Kuanzia wiki ya tatu anaweza kuwa ameshajaa, na ametoa sumu yake ndani ya damu. Anayeongezewa mfuko wa namna hiyo anaweza kuanguka presha ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu anayeshukiwa kuharishwa na Yersinia husubirishwa siku 28 baada ya kupona. Hakuna kipimo cha haraka pale mezani kinachoweza kuchukua nafasi ya jibu lako la kweli. Vivyo hivyo useme ukiwa na homa, jipu, kidonda kibichi, au unameza antibayotiki.

Kwa nini chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinaisha muda baada ya siku 5 tu wakati chembe nyekundu hukaa zaidi ya mwezi? Na kama zinaoteshwa maabara, inakuwaje bado watu wanaugua?

Chembe nyekundu hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 6, siku 35 au 42 kutegemea dawa ya kuhifadhia iliyomo mfukoni. Chembe sahani zikiwekwa kwenye baridi hiyo hubadilika umbo, na mwili wa mgonjwa huziondoa upesi, kwa hiyo huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 24 huku mashine ikizitikisa taratibu muda wote ili zipate hewa. Joto la chumba, virutubisho vya plazma, hewa, na kutikiswa: ukitaka kumfugia bakteria shamba, ungeandaa vivyo hivyo.

Piga hesabu. Wameingia bakteria 10. Wakishaanza kuzaliana na kila mmoja akajigawa mara moja kwa saa, baada ya saa 24 watakuwa karibu milioni 168. Mfuko kwa nje haujabadilika.

Kuhusu kuotesha, tatizo liko kwenye wakati. Tuseme mfuko una mililita 250 na bakteria 10, nawe unachota mililita 8 saa chache baada ya damu kutolewa. Uwezekano wa kumvuta hata bakteria mmoja kwenye sampuli yako haufiki theluthi. Majibu yatasema safi, na mfuko si safi. Kwa hiyo maabara husubiri angalau saa 24, na taratibu mpya zaidi saa 36 au 48, ndipo huchota, tena kiasi kikubwa zaidi, na kukigawa kwenye chupa mbili: ya bakteria wanaohitaji hewa na ya wasioihitaji. Taratibu hizo za kusubiri ndizo zinazoruhusu baadhi ya benki za damu kufikisha siku 7. Wapo bakteria wanaochelewa kuanza kuzaliana, na hao bado hupenya.

Njia nyingine ni kuwaua bila kuwatafuta: huongezwa dawa iitwayo amotosaleni au riboflavini, yaani vitamini B2, halafu mfuko humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Dawa ikishawashwa na mwanga huharibu vinasaba vya bakteria asiweze kujigawa. Chembe sahani hazina kiini, hivyo huendelea na kazi yake. Mbegu ngumu za Bacillus cereus zinaweza kustahimili hata hapo.

Damu ilitoka benki, mgonjwa akaitwa picha ya eksirei, mfuko ukakaa mezani dakika 50. Niurudishe kwenye friji ya dawa ya wodi? Na chujio la mpira wa damu, je, husaidia kuzuia bakteria? — Muuguzi

Hapana, dada. Usiurudishe kwenye friji yoyote.

Mfuko wa chembe nyekundu ukikaa kwenye joto la chumba kwa dakika 30 hivi, ndani hukaribia nyuzi 10, na kwenye chumba chenye joto kali hufika mapema zaidi. Bakteria waliokuwa wamezubaishwa na baridi huamka. Ukiupoza tena huwaui, unaficha tu kwamba waliamka, na atakayeutumia kesho hatajua. Kwa hiyo hesabu ni mbili. Ya kwanza, mfuko uliozidi dakika 30 nje hauingii tena kwenye akiba. Ya pili, damu iwe imekwisha kuingia ndani ya saa 4 tangu ilipotolewa kwenye jokofu, wala si tangu ulipofungua dripu. Kwako wewe dakika 50 zimekwenda, zimebaki saa 3 na dakika 10. Mgonjwa akirudi sasa hivi na hali yake inaruhusu kuipokea ndani ya muda huo, mwekee. Kama haiwezekani, waarifu benki ya damu na mfuko urudi kwao kuteketezwa.

Friji ya dawa au ya chakula haifai hata kwa dakika moja. Haina kengele ya joto, mlango hufunguliwa kila wakati, na pembeni mwa sehemu ya barafu chembe nyekundu hugandishwa zikapasuka. Chembe sahani zenyewe hazitakiwi kuingia friji, ziwekwe kwa mgonjwa mara zinapofika, kwa kawaida huisha ndani ya dakika 20 hadi 30.

Kasi uihesabu mapema. Soma kwenye pakiti mpira wako unatoa matone mangapi kwa mililita. Mpira wa matone 20, mfuko wa mililita 300, kwa saa 3: ni mililita 100 kwa saa, yaani matone 33 hivi kwa dakika. Anza polepole, kaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo, pima joto, mapigo na presha kabla ya kuanza, baada ya dakika 15, kila saa, mwishoni, na saa 4 baadaye. Mtoto wa kilo 8 anayehitaji mililita 15 kwa kilo atapokea 120 tu. Kinachobaki hakiwekwi cha jioni, kwa kuwa mfuko ukishachomwa na mpira, tayari umefunguliwa. Omba vifuko vidogo vilivyogawanywa benki.

Umeuliza pia kama chujio la mpira husaidia. Tundu zake ni mikroni 170 hadi 200, bakteria ana kama mikroni 1. Chujio lile ni la kuzuia mabonge ya damu iliyoganda. Badilisha mpira kila saa 12, na mahali penye joto kali kila baada ya mifuko 4.

Damu ni baridi sana kwa mgonjwa. Tunaweza kuuloweka mfuko kwenye maji ya moto?

Msifanye hivyo kabisa. Chembe hupasuka, bakteria huchangamka, na maji hupenya kwenye milango ya mfuko. Anayeongezewa kwa kasi ya kawaida hahitaji damu ya moto, blanketi linamtosha. Ikihitajika, kama kwa anayeongezewa damu nyingi kwa haraka, kuna mashine maalumu yenye kipimajoto na kengele. Plazma iliyoganda huyeyushwa kwa nyuzi 37, mfuko ukiwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki ili maji yasiguse milango yake, na beseni hilo lisafishwe na kubadilishwa maji kila siku. Bakteria aitwaye Pseudomonas hupenda maji hayo.

Kuna dalili za kuona kwa macho kabla ya kuufungua?

Zipo, ingawa mfuko usio na dalili si ushahidi kwamba ni salama. Simama penye mwanga. Usiutikise kwanza. Linganisha rangi ya damu ya mfukoni na ile iliyobaki kwenye vipande vya mpira vilivyozibwa juu yake. Bakteria hula oksijeni yote ya mfukoni, damu ikageuka zambarau au nyeusi, wakati vipande vile mara nyingi havina bakteria na hubaki vyekundu. Tofauti hiyo ikionekana, usiuweke. Angalia maji ya juu: yakiwa mekundu, chembe zimepasuka. Angalia mabonge, povu, mfuko uliovimba kwa hewa. Halafu ubonyeze polepole huku umeshika kitambaa cheupe kwenye maungio. Tone moja linatosha kuukataa. Chembe sahani zizungushe mbele ya taa: zilizo hai hufanya mawimbi yanayong'aa kama moshi, zilizokufa hutulia tu.

Kwa nini msiweke antibayotiki mfukoni?

Kwa sababu wapo wenye mzio, bakteria wangezoea dawa, na sumu waliyokwisha kuitoa haiondolewi na antibayotiki. Kwenye mpira wa damu usipitishe kitu chochote zaidi ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9.

Mgonjwa ameanza kutetemeka. Hatua za mwanzo ni zipi, kwa mpangilio?

Funga klipu, damu isimame. Usipunguze tu kasi, simamisha. Toa mpira wote hadi kwenye kanula, yaani kile kijimrija kilichomo kwenye mshipa, weka mpira mpya wenye maji ya chumvi ili mshipa usipotee. Ita daktari. Wakati anakuja linganisha jina, namba na kundi kwenye mkanda wa mgonjwa, lebo na fomu, maana damu ya kundi lisilo lake huanza kwa dalili hizihizi. Joto lililopanda nyuzi 2 au zaidi, presha kushuka, mapigo kwenda mbio, kutapika au maumivu ya mgongo ni dalili za kumshuku bakteria. Lakini mgonjwa aliyepewa dawa ya homa anaweza asipandishe joto, akashuka presha tu.

Chukua damu ya kuotesha kutoka mkono wa pili, si kupitia kanula ile. Daktari aanze antibayotiki pana, yaani inayoua aina nyingi za bakteria, ya mshipani mara baada ya hapo, inayofika hadi kwa Staphylococcus na Pseudomonas, bila kungoja majibu, pamoja na maji ya kuinua presha. Mfuko ufungwe pamoja na mpira wake, ncha izibwe, uingizwe kwenye mfuko safi wa plastiki, upelekwe maabara kwa rangi ya Gram, inayowafanya bakteria waonekane kwenye hadubini, na kuoteshwa. Usiuache kwenye ndoo ya taka. Ukishachanganyika na uchafu mwingine, majibu yake hayana maana tena.

Na benki ya damu wapigie simu kabla hujaanza kujaza fomu. Damu ya mchangiaji mmoja hugawanywa, chembe nyekundu huku, plazma kule, chembe sahani kwingine, na mfuko ndugu wa huo ulioushika unaweza kuwa unatundikwa kwa mgonjwa mwingine dakika hiyohiyo. Wasomee namba ya mchango iliyo kwenye lebo, nao wairudie kwako tarakimu kwa tarakimu.